Inulini: ipo kwenye kopo la mtindi, ipo pia kwenye kitunguu

Geuza kopo la mtindi wa vanila katika duka lolote kubwa la Mbeya mjini, au pakiti ya biskuti iliyoandikwa "nyuzinyuzi nyingi", usome yale maandishi madogo ya nyuma. Mara kwa mara utakutana na neno inulini. Pengine utalikuta limejificha chini ya majina mengine: nyuzi za mzizi wa chikori, oligofruktosi, fruktani. Siku hizi inauzwa hata peke yake, unga mweupe ndani ya kopo, na wauzaji wa mitandaoni wanaisifu kwa kila kitu: inasafisha utumbo, inashusha sukari, inayeyusha kitambi, inang'arisha ngozi. Katika sifa hizo zipo chache za kweli, zipo zilizotiwa chumvi, na zipo za kubuni kabisa. Huwezi kuzichambua kabla hujajua kitu chenyewe ni nini.

Kwa umbile lake, inulini ni sukari. Ni mnyororo wa fruktosi, ileile sukari inayoyapa matunda na asali utamu wake, moja imeshikana na nyingine, na mara nyingi mwishoni kuna glukosi moja. Mnyororo unaweza kuwa na viungo viwili tu, unaweza kufika sitini. Wanga wa ugali nao ni mnyororo, ila wake ni wa glukosi, na viungo vyake vimeshikana kwa namna nyingine. Hapo ndipo habari yote ilipo. Mate yetu na utumbo mwembamba vina vimeng'enya vya kukata muungano wa wanga, ndiyo maana tonge la ugali ukilitafuna muda mrefu huanza kuwa tamu mdomoni. Muungano wa fruktosi kwa fruktosi ulio ndani ya inulini hatuna cha kuukatia. Si mtoto, si mzee, si mgonjwa, si mzima: binadamu hana kimeng'enya hicho. Kwa hiyo inulini hupita tumboni, hupita utumbo mwembamba, na kufika utumbo mpana karibu yote ikiwa kama ilivyomezwa. Kitu kinachofanya hivyo ndicho wataalamu wa lishe wanachokiita nyuzinyuzi, au makapimlo, hata kama mkononi hakina uzi wowote na ni laini kama maziwa ya unga.

Aliyesoma sekondari anakumbuka jaribio la ayodini. Chukua kijiko cha wanga wa muhogo, koroga kwenye maji, dondoshea ayodini ya duka la dawa: rangi inageuka bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Fanya hivyohivyo kwa inulini. Kwanza utaona kwamba kwenye maji ya uvuguvugu inayeyuka na maji yanabaki karibu angavu, hakuna tope linalotuama chini. Ukidondosha ayodini, rangi inabaki ile ya ayodini yenyewe, njano ya kahawia. Jaribio hili la senti chache linamfaa aliyenunua kopo kwa bei ya juu akawa na wasiwasi kama hakuuziwa wanga. Lakini aliyechanganya na sukari au maziwa ya unga hutamkamata kwa njia hiyo.

Kutambulika kwake si kwa leo. Mwaka 1804 mwanasayansi Mjerumani, Valentin Rose, alichemsha mizizi ya mmea uitwao Inula helenium, akapata humo kitu cheupe kisichofanana na wanga aliouzoea. Baadaye Mskoti Thomas Thomson akakipa jina kutokana na mmea huo. Katika karne ya 20 waliokipenda zaidi walikuwa madaktari wa figo. Inulini ikidungwa kwenye damu, mwili hauitumii kwa lolote. Figo huichuja na kuitoa kwenye mkojo bila kuirudisha wala kuiongeza. Kwa hiyo ukipima kasi ya kutoka kwake unajua figo zinachuja kiasi gani. Vipimo vingine vya uchujaji wa figo mpaka leo hupimwa uzuri wake kwa kulinganishwa na hicho.

Lakini mmea unajisumbuaje kutengeneza kitu hiki? Jibu linawahusu sana watu wa Nyanda za Juu Kusini, maana ni habari ya baridi. Mmea unaoweka akiba ya wanga, mfano kiazi au muhogo, huiweka kama chembe zisizoyeyuka. Inulini hukaa imeyeyuka ndani ya maji ya seli. Baridi ikija, mmea huikata ile minyororo mirefu kuwa sukari fupifupi, sukari inaongezeka kwenye maji ya seli, na maji yenye sukari nyingi hayagandi upesi. Ukame ukija, ujanja huohuo unazisaidia seli kushikilia maji yake. Inakadiriwa kwamba asilimia 15 hivi ya mimea itoayo maua huweka akiba ya fruktani, yaani minyororo ya fruktosi ya namna hii, na mingi kati yake asili yake ni nchi zenye majira ya baridi au kiangazi kikali.

Mtu wa Makete hahitaji kufafanuliwa hilo. Juni na Julai, juu kwenye uwanda wa Kitulo ambao uko karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kuna alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Shamba la viazi mviringo likipigwa na sakitu, majani hulegea na kuwa meusi jua likishapanda. Ngano changa katika wilaya hiyohiyo haitishiki kiasi hicho. Sababu ziko nyingi, ila mojawapo ni kwamba ngano ni jamii ya nyasi za baridi na huweka fruktani kwenye mabua yake, na kiasi fulani hubaki hadi kwenye punje. Ndiyo maana unga wa ngano una inulini kidogo, asilimia 1 mpaka 4, na unga wa mahindi hauna: mahindi asili yake ni nchi za joto, na akiba yake ni wanga.

Familia iliyobobea katika mambo haya ni ya alizeti. Alizeti yenyewe tunaitafuta mbegu kwa ajili ya mafuta, lakini ana ndugu yake wa damu huko Amerika ya Kaskazini mwenye viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo vina inulini asilimia 14 hadi 19 badala ya wanga. Pareto ya Mufindi na Mbeya ni wa familia hiyohiyo. Chikori, inakotoka inulini nyingi ya viwandani, ni jamaa wa karibu wa mchunga, ile mboga chungu ya porini ambayo bibi zetu huipika na karanga. Vunja jani la mchunga au la chikori, kote utaona utomvu mweupe ukichuruzika. Tofauti ni kwamba chikori imefugwa na wakulima wa Ulaya kwa vizazi vingi mpaka ikawa na mzizi mnene mweupe, unaofanana na karoti iliyonenepa, na asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mzizi huo mbichi ni inulini.

Kuna mwingine anayevunja kanuni ya baridi, naye ni kitunguu. Ruaha Mbuyuni, unapoteremka kutoka Iringa kuelekea Mikumi, ni bondeni na joto lake halina mchezo. Magunia ya vitunguu yamepangwa kando ya barabara kuu na mabasi yanasimama abiria wanunue. Kitunguu kile kinakua kwenye joto lakini kimebeba urithi wa mababu zake wa Asia ya Kati, ambako majira ya baridi ni makali kweli. Kitunguu maji kina inulini na jamaa zake asilimia 2 hadi 6. Kitunguu saumu kinakipita mbali: asilimia 9 hadi 16.

Sasa twende tumboni. Utumbo mpana ni mtungi wa togwa usiokauka. Kwenye togwa unakuwa na uji, unatia kimea, unaacha. Bakteria wanakula sukari, wanatoa asidi, uji unachachuka. Ndani ya utumbo mpana bakteria wako tayari kwa matrilioni, hawana hewa ya oksijeni, na wanasubiri kile tulichoshindwa kukimeng'enya. Inulini ikifika, wanaigombania. Wanaonufaika mapema ni wale wa kundi la Bifidobakteria, kwa sababu wao wanacho kimeng'enya tunachokikosa sisi. Wanaikata minyororo, wanakula fruktosi, wanaongezeka. Kinachobaki baada ya karamu yao, na ya bakteria wengine wanaokula masalia yao, ni hasa asidi tatu ndogo: asetati, propionati na butirati.

Asidi hizo ndizo faida yenyewe, kuliko hata wingi wa bakteria. Butirati ni chakula kinachopendwa na seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo hupata sehemu kubwa ya nguvu zake humo na si kwenye damu. Propionati nyingi huishia kwenye ini. Asetati huingia kwenye mzunguko wa damu na kutumika mwilini kama nishati. Kwa pamoja huyafanya mazingira ya utumbo kuwa na uchachu kidogo, hali ambayo bakteria kadhaa waletao maradhi hawaipendi, na ambayo husaidia madini ya kalsiamu kuyeyuka yakaweza kufyonzwa. Na bakteria wanapoongezeka, kinyesi nacho huongezeka na kulainika.

Kwa kuwa kuna uchachuaji, kuna gesi. Haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Wanaouza makopo hupita haraka hapa, ila mtu yeyote aliyekula maharage jioni na kulala chumba kimoja na wenzake anajua ninachosema. Maharage hayana inulini, lakini yana minyororo mingine mifupi ya sukari, rafinosi na stakiosi, ambayo nayo hatuna kimeng'enya chake. Inafika utumbo mpana nzima, inaliwa, gesi inatoka. Maharage ya Njano Uyole yawe matamu vipi, gesi yake ni ishara kwamba bakteria wamekula. Kuloweka maharage usiku na kumwaga maji yale hupunguza gesi kwa kuwa sehemu ya sukari hizo huyeyuka na kwenda na maji. Punguza gesi, umepunguza na chakula cha bakteria kidogo. Sioni kosa kwa anayemwaga maji. Najua ndoa zilizookolewa na kuloweka.

Kitu kinacholiwa na bakteria wema kikamletea mwenye tumbo faida huitwa prebiotiki. Neno hilo lilianzishwa na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid mwaka 1995, na inulini ilikuwa miongoni mwa mifano yao ya mwanzo. Watu huichanganya na probiotiki, na mkanganyiko huo unaeleweka. Probiotiki ni bakteria hai wenyewe, unaowameza kwenye mtindi fulani au kwenye kidonge. Prebiotiki ni msosi wao. Mtindi wenye bakteria hai ulioongezwa inulini una vyote viwili. Biskuti yenye inulini haina bakteria hai hata mmoja, kwa maana imetoka kwenye oveni.

Namna ya kuitengeneza kiwandani haina maajabu. Mizizi ya chikori huoshwa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwenye maji ya moto mpaka inulini itoke, kisha maji yale husafishwa na kukaushwa kuwa unga. Ni karibu sawa na wanavyotoa sukari kwenye kiazi-sukari, na haishangazi kwamba kazi hiyo imeshamiri Ubelgiji na Uholanzi, nchi zilizokuwa na viwanda vya aina hiyo tayari. Meksiko wanaipata kwenye agave, mmea ambao shina lake likiokwa fruktani zake huvunjika na kuwa sukari, ikachachushwa, ikawa tekila. Mkonge wetu wa Tanga na Morogoro ni agave pia, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na shina lake lina fruktani. Sisi tunachukua katani tu.

Kiwanda kinaipenda inulini kwa sababu ambazo nyingine hazihusiani na afya yako. Yenye minyororo mirefu ikikorogwa na maji vizuri hutengeneza ute mzito mweupe wenye vichembe vidogo sana visivyosikika ulimini, na ulimi unadhani ni mafuta. Hivyo mtindi uliotolewa malai unaweza kuonekana mzito na laini kama wenye malai. Yenye minyororo mifupi, ile iitwayo oligofruktosi, ina utamu kama theluthi ya sukari ya mezani, kwa hiyo hupunguza sukari kwenye biskuti bila kuharibu umbo lake. Gramu moja ya inulini huupa mwili takriban kilokalori 1.5, zote zikitokana na zile asidi za bakteria, wakati sukari hutoa 4 na mafuta 9. Juu ya hayo, gramu kadhaa zikiongezwa, kiwanda kinaruhusiwa kuandika "chanzo cha nyuzinyuzi" kwenye pakiti. Marekani ilikubali rasmi mwaka 2018 kuihesabu inulini kama nyuzinyuzi kwenye lebo.

Hapa ndipo ningependa mnunuzi awe na jicho kali. Biskuti iliyotiwa gramu tatu za inulini bado ni biskuti, ina unga mweupe, mafuta na sukari zake. Hilo halimaanishi ni sumu. Linamaanisha kwamba maneno ya mbele ya pakiti yanazungumzia kiungo kimoja, na jedwali la nyuma linazungumzia yote. Soma la nyuma. Kama lebo haitaji kiasi cha inulini kwa gramu, huna namna ya kujua kama imetiwa kwa faida yako au kwa kupambia pakiti tu, na kopo lisilo na alama ya TBS wala anwani ya aliyelitengeneza au kuliingiza nchini, liache dukani.

Kiasi ni jambo kubwa kuliko yote. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi ikakubali dai moja kuhusu inulini ya chikori: kwamba gramu 12 kwa siku husaidia mtu kupata choo mara nyingi zaidi. Dai ni hilo, na kipimo ni hicho. Sasa chukua gramu 12 hizo uende nazo Soko la Mwanjelwa, hapo Mbeya.

Ndizi mbivu za Tukuyu zina inulini kama nusu asilimia, kwa hiyo utahitaji kilo mbili na nusu hivi kwa siku. Achana nazo kwa hesabu hii. Unga wa ngano wenye asilimia mbili na nusu, karibu nusu kilo, yaani chapati za kulisha familia. Vitunguu maji vyenye asilimia nne, gramu 300, ambavyo ni kama vitatu vya ukubwa wa wastani. Kitunguu saumu, gramu mia moja, punje ishirini na zaidi, na jirani yako kwenye daladala atajua. Ukizitazama moja moja, namba zinatisha. Lakini hakuna anayekula kitu kimoja kutwa nzima. Chapati mbili asubuhi, mchuzi wenye kitunguu kizima na punje kadhaa za saumu mchana, kachumbari jioni, na tayari umekusanya gramu tano au zaidi bila kununua kopo. Makadirio yaliyowahi kufanywa Marekani yalionyesha watu wa huko hula gramu 1 hadi 4 kwa siku, nyingi ikitoka kwenye ngano na vitunguu. Anayekula kachumbari kila siku Iringa huenda anawapita.

Juu ya hapo weka maharage, ambayo kazi yake kwenye utumbo mpana inafanana. Weka na kiporo. Kiazi au wali uliopikwa ukapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa sugu kwa vimeng'enya vyetu, ukafika kwa bakteria kama inulini ifikavyo. Ndizi mbichi za kupika nazo zina wanga wa namna hiyo, ingawa ukizichemsha na kuzila za moto sehemu kubwa hulainika ikameng'enywa. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za asili kwenye chakula kwa siku, za aina mchanganyiko. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, ila si inulini. Zake nyingi haziyeyuki na kazi yake ni kujaza na kusukuma. Utumbo unazihitaji zote, kwa sababu bakteria wanaokula inulini si walewale wanaokula pumba za mahindi.

Jikoni inulini ni stahimilivu lakini ina udhaifu wake. Inayeyuka kwenye maji, hivyo kitunguu kikichemka kwenye mchuzi, nyingi hutoka ikabaki mchuzini. Ukimwaga supu umeimwaga. Kwenye mafuta haiyeyuki. Mwenye tumbo lisilovumilia kitunguu saumu anaweza kukaanga punje kwenye mafuta, akazitoa, akapikia mafuta yenye harufu ile bila kupata fruktani zake. Mkate uliochachuka muda mrefu una fruktani kidogo kuliko chapati, maana hamira imezila sehemu wakati donge linaumuka.

Sasa zile sifa nyingine. Kufyonzwa kwa kalsiamu kumepimwa kwa vijana waliokuwa kwenye umri wa kubalehe, waliopewa gramu 8 za mchanganyiko wa inulini fupi na ndefu kwa siku kwa mwaka mmoja, na kweli walifyonza zaidi. Hilo lina maana kwa anayepata kalsiamu ya kutosha kwanza. Kama kwenye sahani hakuna maziwa, dagaa wala mboga za majani, inulini haina cha kusaidia kifyonzwe. Kupunguza kitambi: inashibisha kidogo na ina nishati ndogo, basi. Mtu akiitumia badala ya sukari na mafuta anaweza kupungua. Akiiongeza juu ya anachokula siku zote, amejiongezea gesi. Kung'arisha ngozi sina la kusema, waulize wanaouza.

Na kisukari. Siku moja dukani mama mmoja wa makamo, baada ya shikamoo na marahaba, alinionyesha kopo akaniuliza, "Mwanangu, hii si ndiyo ile wanayojidunga wenye sukari? Sasa imekuwa ya kunywa?" Nikamwambia hapana mama, ile ni insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, hii ni inulini, inatoka kwenye mzizi. Akalirudisha kopo na kusema aliyempigia simu kumuuzia alimwambia ni kitu kimoja. Herufi moja tu, ila anayeacha sindano zake kwa sababu ya kopo anaweza kufa. Ukweli uliobaki ni mdogo: kwa kuwa haimeng'enywi, inulini yenyewe haipandishi sukari kwenye damu kama wanga unavyopandisha, na kuitia kwenye chakula mahali pa sukari humsaidia mgonjwa kwa maana hiyo. Sio dawa ya kisukari, na hakuna daktari anayeiandika kuwa badala ya dawa.

Wapo wasioiweza. Kuna watu matumbo yao huvurugika kwa urahisi, wanajaa, wanaumwa, wanaharisha leo na kufunga choo kesho, na vipimo havionyeshi kidonda wala minyoo. Kwa wengi wa hao vitunguu na ngano ni miongoni mwa vinavyowachokoza, sababu ikiwa fruktani hizihizi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wamejijengea jina kwa kuwapangia watu hawa mlo wenye sukari chache zinazochachuka. Mtu kama huyo akiambiwa "utumbo wako unahitaji kusafishwa, nunua inulini", anapewa kilekile kinachomtesa. Hata kwa mwenye tumbo zuri, gramu kumi kwa mpigo zinaweza kuleta gesi na kunguruma, na zikifika ishirini au thelathini wengi wataharisha.

Kuna jambo moja la Nyanda za Juu Kusini ambalo makala ya inulini haiwezi kulikwepa, nalo ni watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto waliodumaa Iringa wakiwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hii ni mikoa yenye mahindi ya kuuzia wengine. Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo, na uji wake mara nyingi ni maji mengi na unga kidogo. Anachokosa ni nishati, protini, mafuta, madini, na kulishwa mara za kutosha kwa siku. Nyuzinyuzi zinashibisha haraka bila kujenga mwili, kwa hiyo kumtilia inulini kwenye uji ni kumjaza bila kumlisha. Nimeona unga wa lishe unaotangazwa kwa mama wenye watoto ukisifiwa kwa "prebiotiki" kwa herufi kubwa huku karanga, soya na dagaa vikiwa vimetajwa mwisho. Mpangilio huo ulipaswa kugeuzwa.

Kwa mchanga wa chini ya miezi sita habari ni rahisi zaidi, maana prebiotiki yake imeshatengenezwa. Maziwa ya mama yana aina zaidi ya mia moja za minyororo mifupi ya sukari ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi, gramu 5 hadi 15 katika kila lita. Imo humo kwa ajili ya bakteria wake, na Bifidobakteria ndio wanaoichangamkia kwanza. Kampuni za maziwa ya kopo huongeza sukari za kuiga kazi hiyo, mojawapo ikiwa inulini. Ni kuiga tu.

Kwa mtu mzima mwenye choo kigumu, aliyekwisha kuongeza maji, mboga na maharage na bado hajapata nafuu, kopo si jambo la kuchekwa. Aanze na gramu mbili au tatu kwa siku, kijiko kidogo kisichojaa, akae nayo wiki moja kabla ya kuongeza, kwa kuwa bakteria wanahitaji muda kuzoea na gesi hupungua wanapozoea. Inakorogeka kwenye uji, chai ya maziwa au mtindi bila kubadili ladha zaidi ya utamu mdogo. Kopo lifungwe vizuri, kwa sababu unga wake unavuta unyevu, na mvua za Tukuyu zitaugeuza bonge. Na asiichemshe kwenye maji ya limau au kuitia kwenye juisi kali ya kukaa majuma kabatini: asidi huikata minyororo ile kidogo kidogo, na alichokinunua kwa bei ya dawa kinageuka fruktosi, sukari kama ya asali.